Ekseli ya Mzee wa Asali, na kwa nini sichomelei chini ya gari

Mzee alifika gereji kwangu Ng'ambo saa 1 na nusu asubuhi, nyuma ya bodaboda, koti zito limejaa vumbi mabegani. Ilikuwa Jumanne ya wiki ya pili ya Julai, ile baridi ya Tabora inayowafanya watu waote jua ukutani kabla ya kushika kazi. Nilipomwona bila gari nikadhani kuna msiba.

"Shikamoo mzee. Gari liko wapi?"

"Marahaba fundi. Liko Ipole. Limekatika kiuno."

Huyu mzee namhudumia mwaka wa nane sasa. Ananunua asali kwa warina wa misitu ya Sikonge, anaileta mjini kwenye ndoo za lita 20. Wengi hupima mzigo wa asali kwa macho yaleyale ya kupimia maji, na hapo ndipo magari yanapoumia. Lita 1 ya asali ina kama kilo 1.4. Ndoo ya lita 20 ni kilo 28, bado hujahesabu ndoo yenyewe. Mzee hupakia ndoo 35 kwenye Hilux yake, na hiyo ni karibu tani 1, kwenye njia za msituni zenye visiki na makorongo. Msimu mkubwa wa asali huwa ndio huo wa katikati ya mwaka, kwa hiyo gari lilikuwa halipumziki.

Lililetwa kesho yake juu ya Fuso. Niliingia chini na tochi, nikaona. Kikalio cha springi cha kushoto, kile kibati kinene kinachochomelewa juu ya bomba la ekseli (mhimili wa magurudumu ya nyuma) ili springi ikae, kilikuwa kimeng'oka na nyama ya bomba. Siyo kwamba mshono uliachia. Mshono ulikuwa mzima, ila bomba lenyewe lilipasuka pembeni mwa mshono, likafuata mkunjo kama karatasi iliyokunjwa mara nyingi mahali pamoja.

Nilimwita kijana wangu aje aangalie, kwa sababu ufa ni kitabu, na huu ulikuwa unasomeka vizuri. Ufa mpya hung'aa. Ufa wa zamani huwa mweusi wa kutu na mafuta. Hapa karibu robo tatu ilikuwa nyeusi. Maana yake bomba lilianza kupasuka miezi mingi kabla ya siku ile ya Ipole, na kila ndoo iliyopanda ilikuwa inauongeza. Mahali ulipoanzia palikuwa na mfereji mwembamba pembeni mwa mshono, ule unaochimbwa na moto mkali wa fundi aliyelala chali, mkono umenyooshwa juu, cheche zinamdondokea shingoni, anataka amalize. Kazi hiyo ilifanyika miaka ya nyuma, mbali na hapa, gari likiwa limesimama juu ya jeki. Mzee aliikumbuka. "Alinichukua saa moja tu," akasema, bado kwa sauti ya kumsifu.

Hausingi ile, yaani bomba la ekseli lenyewe, isingefaa tena. Tulizunguka siku mbili kutafuta nyingine. Tuliyopata kwa muuza spea za mtumba ilitoka kwenye Hilux Surf, nzuri, haina kutu ya kutisha, bomba zimenyooka, na tundu la difu (boksi la gia za katikati ya ekseli) lilipokea difu la mzee bila ubishi. Tatizo ni kwamba Surf ile nyuma ina springi za koili, zile za kuviringika. Hausingi yake ina vikombe vya koili na masikio ya mikono ya kuvutia ekseli, haina hata kikalio kimoja cha springi za majani, yaani bamba zilizopangwa, kama za pikapu. Kila kitu cha kushikia ilibidi kikatwe, na kila kitu cha kushikia ilibidi kichomelewe upya: vikalio viwili, masikio mawili ya shokapu, na kile kishikio kidogo cha fito ya valvu ya breki inayosoma mzigo, ambacho wengi hukisahau mpaka ekseli iko ndani.

"Fundi," mzee akaniambia, "si uiingize, halafu uchomelee hukohuko chini? Kesho jioni niondoke."

Nilikataa. Sababu yangu ni ya mwaka 2011.

Nilikuwa na miaka 23, fundi msaidizi kwenye gereji moja hapa mjini. Nilipewa ekseli ya pikapu ya mfanyabiashara wa mpunga nichomelee vikalio. Nilikuwa na mkono mzuri, kila mtu alisema hivyo, na nilitaka waone. Nikachomelea kikalio cha kwanza mzunguko mzima bila kuinua mkono, kisha cha pili, kijiti cha kuchomelea baada ya kijiti, bomba likawa jekundu. Halafu, kwa kuwa mwenye gari alikuwa amesimama pale, nikachukua ndoo ya maji nikamwaga. Mvuke ukapanda. Mshono ulikuwa mzuri kwa macho kama magamba ya samaki. Baada ya wiki tano gari likarudi: tairi mbili mpya za nyuma zimelika upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana, na oili sili ya kulia, ile pete ya kuzuia mafuta, inamwaga mafuta ya difu kwenye viatu vya breki. Gari likipakiwa lilikuwa na breki upande mmoja. Yule mfanyabiashara alikuwa anabeba watu juu ya magunia yake. Nilikaa usiku ule nikifikiri kuhusu mteremko wowote ule kati ya hapa na Igunga.

Nilikwenda kwa baba. Marehemu baba alifanya kazi karakana ya reli hapa Tabora maisha yake yote, na kuhusu chuma na moto alikuwa na maneno machache ambayo hakuyabadilisha. Alinipeleka relini jioni, akanionyesha nafasi kati ya kipande cha reli na kipande kingine. Reli hii ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, akasema, na tangu hapo kila siku ya Mungu inarefuka mchana na kufupika usiku, na wanaoitunza wanaijua. Hesabu yake si ngumu: kila mita 1 ya chuma ikiongezewa digrii 100 za joto inarefuka kama milimita 1.2. Reli ya mita 10, kati ya alfajiri ya baridi na jua la saa 8 ambalo limeipandisha digrii 30, inaongezeka milimita 3 na nusu hivi. Reli ina nafasi ya kuongezekea. Chuma unachokipiga moto mahali pamoja hakina nafasi. Sehemu ya moto inataka kutanuka, chuma baridi kilichoizunguka kinaikatalia, basi inajibana na kunenepa palepale. Ikianza kupoa inafupika kuliko ilivyokuwa mwanzo, na inavuta kila kitu kuja upande wake. "Chuma hukunjia upande uliochomwa," baba akasema. "Hakiendi upande wa moto wakati wa moto. Kinakwenda wakati wa kupoa, wewe ukiwa umeshaondoka."

Ndiyo hayo yaliyonipata. Vikalio vya springi hukaa juu ya bomba. Nilichoma juu tu, kwa moto mwingi, mshono ukapoa ukavuta ncha zote mbili za ekseli kwenda juu. Gurudumu la kulia likainamisha kichwa ndani, la kushoto vilevile. Tairi likawa linakanyaga kwa ukingo wa ndani. Shafti ya gurudumu, ambayo ilitengenezwa izunguke kwenye mstari mmoja na beringi yake, ikawa inazunguka kwa kupinda, ndiyo maana sili ilikufa. Na maji niliyomwaga yakakifanya chuma cha pembeni mwa mshono kiwe kigumu na chepesi kuvunjika.

Nilimsimulia mzee haya yote. Alinyamaza muda, akauliza tu, "Kwa hiyo lini?" Nikamwambia Jumatano. Alitaka gari liwe tayari mapema ili apeleke asali ya maonyesho Nane Nane pale Ipuli, na Jumatano ilimwachia nafasi tele.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuvua. Hausingi niliibakiza tupu kabisa: difu nje, shafti nje, beringi nje, sili nje, mabomba ya breki nje, mafuta yamemwagwa. Watu hudhani ni usumbufu. Bomba la ekseli ni chungu kilichofungwa, mafuta yaliyobaki ndani yakipata moto yanatoa moshi unaotafuta pa kutokea, na ukipitia kwenye mshono unaouchomelea unakuachia matundu. Ndiyo maana pia kipumulio cha juu lazima kiwe wazi. Na umeme wa mashine haupendi kupita kwenye beringi. Ukifunga ethi (waya wa kurudishia umeme wa mashine) mwisho huku na kuchomelea mwisho kule, umeme utaruka kati ya gololi na njia yake, utachimba vidoa usivyoviona, na beringi itaanza kulia baada ya mwezi mmoja. Ethi yangu huwa naibana kwenye kikalio chenyewe ninachochomelea.

Tuliosha kwa dizeli, kisha maji ya moto na sabuni ya unga, tukaianika juani siku nzima. Hapa naomba vijana wanisikilize. Kuna dawa za kusafishia breki za kopo la kupuliza, nyingine zimetengenezwa kwa viyeyusho vyenye klorini. Zinakausha haraka, zinavutia. Lakini viyeyusho hivyo vikikutana na mwanga na joto la kuchomelea vinatoa gesi ya fosjini, ambayo ilitumika kuua watu kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Kiasi kidogo kinatosha kuharibu mapafu, na madhara yanaweza kuonekana saa nyingi baadaye, ukiwa umeshakwenda kulala. Kwangu makopo hayo hayaingii upande wa kuchomelea.

Kukata vikombe vya koili kulichukua asubuhi nzima ya Jumamosi. Nilikata kwa grenda nikiacha kama milimita 3 za chuma juu ya bomba, halafu nikazimaliza kwa jiwe la kusagia, polepole, mpaka usawa wa bomba. Ukikata kwa pupa disiki inaingia kwenye bomba, na mkwaruzo mmoja wa kina unatosha kuwa mwanzo wa ufa mwingine. Kijana wangu alitaka kufuta alama zote za mshono wa kiwandani mpaka pang'ae. Nikamzuia. Chuma chembamba kinachong'aa ni kibaya kuliko chuma kizima chenye alama.

Vikalio nilivitengeneza mwenyewe. Bomba kwa nje lilipima milimita 76. Nilichukua chaneli, chuma cha umbo la U, ya milimita 8, nikakata nusu duara kwenye kuta zake mbili ili zikae juu ya bomba kama tandiko kwenye mgongo wa punda, na juu nikatoboa tundu la kichwa cha sentabolti ya springi, ile bolti ya katikati inayoshika majani. Nilisaga ile nusu duara, nikajaribisha, nikasaga tena, mpaka karatasi ya daftari ikawa inakwama kati ya kikalio na bomba karibu kila mahali. Sikuwa nafanya hivyo kwa urembo. Pengo kubwa linajazwa na chuma cha kijiti, chuma kingi kilichoyeyuka kinafupika sana kinapopoa, na mvuto wote huo unakwenda kwenye bomba.

Jumapili sikufanya kazi.

Jumatatu ndiyo siku niliyoipenda kuliko zote, na hatukuchomelea hata sentimita 20. Tuliweka hausingi chini ya gari na difu lake ndani, vikalio vimelazwa tu juu ya bomba, vinazunguka. Springi zikakaa juu, yubolti (bolti za umbo la U zinazobana springi na ekseli) zikakazwa kwa mkono, shafti zikarudishwa kwa muda, magurudumu yakafungwa, na gari likashushwa likasimama kwa miguu yake. Kisha nikapakia viroba 10 vya mchanga vya kilo 50, nusu ya mzigo wa kawaida wa mzee. Springi za majani hubadilika umbo kulingana na mzigo. Ukipima gari likiwa tupu, umepima gari ambalo mzee huyu haliendeshi.

Sasa kuna pembe. Propela, lile bomba linalopeleka mzunguko nyuma, inatoka gearboksi inakuja kwenye pua ya difu, ikiwa na krosi (kiungo cha kujipinda) kila mwisho. Propela ya gari hili ni ya kipande kimoja. Krosi ikizunguka kwa pembe haizunguki kwa mwendo ulio sawa: inaongeza kasi na kupunguza mara mbili kila mzunguko. Krosi ya pili inafuta kosa la ya kwanza, ilimradi pembe zao ziwe sawa, yaani flanji (sahani ya kufungia bolti) ya gearboksi na flanji ya difu ziwe sambamba. Zisipokuwa sambamba gari linatetemeka kwenye mwendo, dereva anabadilisha tairi, anabadilisha beringi, anabadilisha krosi, na mtetemo haumwachi. Niliweka kipima pembe cha sumaku kwenye flanji ya gearboksi: inaangalia chini digrii 4. Difu ilipaswa kuangalia juu digrii 4 ili zifuatane. Lakini ukikanyaga mafuta, ekseli yenye springi za majani inajisokota na pua ya difu inainuka, hasa gari likiwa na tani 1 kwenye mchanga. Nikaipa difu digrii 2 za kuinukia. Nikaisimamisha kwenye digrii 2 juu.

Halafu upana. Nilipima kutoka sentabolti ya kulia mpaka flanji ya mwisho ya kulia, na kushoto vilevile, mpaka zikalingana. Hausingi ya Surf ilikuwa pana kidogo kuliko ile ya zamani, lakini ziada iligawanyika sawa pande mbili na tairi hazikugusa bodi. Kisha kutoka sentabolti ya nyuma mpaka jicho la mbele la springi, kulia na kushoto, ili ekseli isitembee upande kama kaa. Kijana wangu alishika futi mwisho mmoja, mimi mwisho mwingine, tukapima kila kitu mara tatu, mara ya tatu tukabadilishana pande. Namba zilipolingana nikalala chini na kushikiza: nukta nne tu za moto kwa kila kikalio, kila nukta kama ukucha wa kidole gumba. Huo ndio uchomeleaji wote ninaoukubali chini ya gari, betri ikiwa imefunguliwa na gunia lenye maji limefunika upande wa tangi. Nikashusha mchanga, nikavua kila kitu tena.

Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya mwembe. Aliona ekseli inatoka nje kwa mara ya pili, akashika kichwa. "Fundi, si imeshashika?" Nikamwambia, "Imeshikizwa, mzee wangu. Haijashika."

Jumanne nikachomelea. Kwanza nilifunga kipande kirefu cha chaneli kutoka kikalio hadi kikalio, kwa bolti kupitia matundu ya sentabolti, ili visiweze kuinamiana. Kisha nikatengeneza kipimo changu. Kila mwisho wa hausingi kuna flanji yenye bolti 4 inayoshika sahani ya breki. Nikafunga hapo pau mbili za chuma cha angle (cha umbo la L) zilizonyooka, kila moja mita 1, zimesimama wima, nusu juu na nusu chini. Kama bomba limenyooka, umbali kati ya ncha za juu ni sawa na umbali kati ya ncha za chini. Napima kwa fito mbili za nondo zilizonolewa ncha na kubanwa pamoja, na nafasi inayobaki naiingizia geji ya valvu, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kabla ya moto: tofauti chini ya nusu milimita. Nikazigeuza zilale, nikapima mbele na nyuma: hakuna tofauti. Nikaandika kwenye daftari.

Vijiti vyangu vilikuwa 7018, milimita 3.2, ambavyo madukani tunaviita geji 10. Namba hiyo ina maana. 70 ni nguvu ya mshono, pauni 70,000 kwa inchi ya mraba, 1 ni kwamba vinachomelea kila upande, na 8 ni aina ya gamba lake, lenye haidrojeni kidogo. Haidrojeni ndiyo inayopasua mshono kimyakimya baada ya kupoa, na inatoka kwenye unyevu. Kwa hiyo 7018 iliyonyonya unyevu imepoteza faida uliyoinunua. Mimi nina friji mbovu yenye balbu ya waya ya wati 100 inayowaka mchana na usiku, paketi iliyofunguliwa inakaa humo. Lakini friji hiyo inatunza ukavu tu, haikaushi kijiti kilicholowa, kwani hicho kinahitaji tanuri la zaidi ya digrii 260 kwa saa 2. Kwa ekseli nafungua paketi mpya siku hiyohiyo. Mashine kwenye ampia 115, kijiti upande wa chanya.

Mzunguko wa kila ukuta wa kikalio juu ya bomba ni kama sentimita 12. Niliugawa vipande vinne vya sentimita 3, kwa hiyo kila kikalio kilikuwa na vipande 8. Kipande kimoja kikalio cha kulia mbele, kingine kikalio cha kushoto nyuma, kingine kulia nyuma, kingine kushoto mbele. Baada ya kila vinne tuliacha mpaka kiganja kiweze kukaa juu ya bomba bila kuondolewa. Hakuna maji, hakuna feni. Kijana wangu alikuwa anatoa gamba kwa nyundo na brashi, tunakaa, tunakula matobolwa, tunagusa, bado, tunakaa. Saa 6 umeme ukakatika ukarudi saa 9. Sikuusikitikia, bomba lilipoa vizuri.

Saa 12 jioni nikapima. Juu kulikuwa kumefupika milimita 2 kuliko chini.

Kwa subira yote ile, bado lilivuta. Gari lingetembea na milimita 2 hizo, na pengine mzee asingejua kamwe. Niliwaza hivyo kwa dakika kama mbili hivi, nimesimama na fito mkononi. Halafu nikakumbuka kwamba baba hakuwahi kunyoosha chuma kwa nyundo kama angeweza kukinyoosha kwa moto. Chuma hukunjia upande uliochomwa. Basi ukitaka kirudi, choma upande wa pili.

Asubuhi ya Jumatano nikaazima mtungi wa gesi kwa jirani. Nikageuza hausingi, tumbo juu, na chini kabisa ya kila kikalio nikapasha doa moja la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200 mpaka likawa jekundu la giza, lile unaloliona kivulini tu na juani hulioni. Likizidi hapo, likawa la machungwa, unaharibu chuma. Nikaondoa moto, tukaliacha lipoe lenyewe. Nikapima: milimita 1. Nikapasha doa la pili kila upande, sentimita 5 kutoka la kwanza. Tukasubiri tena. Nusu milimita, karibu ileile niliyoanza nayo. Kijana wangu alirudia kupima mwenyewe mara mbili bila mimi kumwambia, na nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Masikio ya shokapu na kishikio cha valvu vilikwenda haraka, mishono mifupi tu. Kisha nikapaka mafuta ya taa juu ya kila mshono, nikaacha dakika 15, nikafuta mpaka pakavu, nikapaka unga wa chaki. Mahali penye ufa mafuta ya taa hutoka tena na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Hapakuwa na mstari. Rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kisha nyeusi, beringi mpya, sili mpya, na usiku wa Jumatano ekseli ikaingia kwa mara ya mwisho. Yubolti nilizikaza gari likiwa chini limebeba uzito wake, kwa msalaba, kidogo kidogo.

Nilimwambia mzee arudi baada ya safari ya kwanza, hata kama hasikii chochote. Alirudi siku ya tisa, na ndoo 35 zikiwa bado juu. Nililala chini. Yubolti za kushoto zilipokea robo mzunguko, za kulia hazikusogea. Nilipitisha mkono kwenye tairi zote mbili, ndani na nje: ulikaji ule ule. Chini ya sahani ya breki pakavu. Nikapaka chaki tena kwenye kikalio cha kushoto, kwa sababu ndicho kilichokatika kwenye ile ya zamani, na mzee akainama pale na miwani yake kuangalia pamoja nami mpaka dakika zikaisha.

"Safi?"

"Safi, mzee."

Akapanda, akageuza gari kuelekea Ipuli.